Majani ya Embu na Usingizi wa Dada Yangu



Wasomaji wetu watukufu, na hasa kina mama, ambao ndio wa kwanza kuamka nyumbani na wa mwisho kuzima taa, juma hili nawaletea habari za safari. Si safari ya Hija wala ya Umra, bali ni ya Embu, mji ulioko kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, ambako nilikaa siku sita mwezi wa Agosti 2024. Kilichotupeleka ni akika. Binti ya dada yangu mkubwa ameolewa huko na kijana aliyesilimu, na Mwenyezi Mungu amewaruzuku mtoto wa kike. Nami nikamsindikiza dada yangu, kwa kuwa njia ni ndefu naye magoti yanamsumbua. Walakini nitakayoyasimulia si ya akika. Ni ya usingizi.

Dada yangu ametimiza miaka sitini na miwili, na kwa muda wa miaka mitatu hakuwa akilala. Alikuwa akijinyoosha kitandani baada ya Isha, akigeuka upande huu na upande huu hadi saa nane za usiku, kisha akasinzia kidogo, na mara adhana ya Alfajiri ikamkuta macho mekundu. Nyumbani tuliiita hali hiyo kwa majina mengi: presha, umri, joto la Mombasa. Kila jirani alikuja na dawa yake. Kabati lake la jikoni likageuka duka la mitishamba: babunaji ya pakiti yenye picha ya mwezi, aliyoinunua dukani kwa bei ambayo ingetosha kitoweo cha siku mbili, maua makavu ya rozela, nanaa ya sokoni, mbegu za shamari, na kungumanga, ambayo alikuwa akiikuna katika maziwa ya moto. Safari ilipowadia, kitu cha kwanza kuingia mkobani, kabla ya kanga na kabla ya zawadi ya mtoto, kilikuwa kopo la majani hayo.

Tulipanda treni ya asubuhi pale Miritini, tukalala Nairobi kwa jamaa zetu wa Eastleigh, na kesho yake tukachukua matatu ya Embu. Njia inapita Thika, na mahali paitwapo Makutano hugawanyika: wa Nyeri hushika kushoto, wa Embu na Meru hushika kulia. Kuanzia hapo mtu wa pwani huona jambo la kumfurahisha, kwani hiyo ndiyo Mwea, na mchele wa pishori tunaoupika pilau za harusi zetu umesimama majini pande zote za barabara, kijani kibichi hadi upeo wa macho. Dada yangu alibandika uso kwenye kioo. Akasema miaka yote hiyo ameosha mchele wa watu hawa, na leo ndipo anaona ulikotoka.

Embu si mji mkubwa. Una mtaa wa Majengo, kama ilivyo miji mingi ya bara, na Kiswahili kinasemwa humo kwa lafudhi yake. Waislamu si wengi, ila wanajuana, na hilo lina baraka yake. Kwa wenyeji wetu niliswali Maghrib barazani, na kwa kuwa Kibla cha huku ni kaskazini, mlima wenyewe ulikuwa mbele yetu, kushoto kidogo, umejifunika wingu. Maji ya udhu yalinifanya nitaje jina la Allah kwa ikhlasi ambayo sijapata kuwa nayo kwa maji ya mfereji wa Mombasa. Agosti huko ni baridi. Manyunyu huanza asubuhi bila haraka, na watu wakishaingia majumbani jioni hawatoki tena. Kufikia saa tatu za usiku mtaa mzima ulikuwa kimya.

Siku ya tatu, akika ikiwa imekwisha na nyama imegawanywa, tulialikwa kwa wazazi wa mkwe wetu upande wa Kianjokoma, juu kuelekea msituni. Hao si Waislamu, lakini kwa adabu na ukarimu walitutia haya. Huko ndiko liliko zulia la chai. Vichaka vimekatwa sawasawa hadi kimo cha kiuno, na wachumaji, wengi wao wanawake, hupita katikati na vikapu mgongoni wakichuma majani mawili na chipukizi lake. Majani hupelekwa siku iyo hiyo kituoni, hupimwa, kisha gari la kiwanda huyachukua. Viwanda vya eneo hili, kama Mungania na Rukuriri, ni vya wakulima wadogo walio chini ya KTDA. Na chai ikishakauka na kupakiwa magunia, je, huenda wapi? Huja kwetu! Mnada wa chai uko Mombasa, na kwa njia hiyo jani la Kianjokoma hupita mbele ya milango yetu kabla ya kuvuka bahari.

Mama wa mkwe wetu, ambaye sasa mjini kwao anaitwa Cucu, yaani bibi, hakuacha vikombe vyetu vikauke. Chai ya Embu hupikwa na maziwa tangu mwanzo, nzito, na chupa ya kuhifadhi joto husimama mezani toka asubuhi hadi usiku. Tulikunywa tulipofika, tukanywa kabla ya chakula, tukanywa baada yake, na saa mbili za usiku ikaja nyingine. Dada yangu akakisukuma kikombe taratibu na kumweleza mwenyeji wake, kwa unyonge wa mtu anayeomba radhi, kwamba yeye halali, na kwamba amebeba majani yake mwenyewe, anachoomba ni maji ya moto tu.

Cucu alilishika lile kopo, akalinusa, akalirudisha. Kisha akatoka na tochi. Nyuma ya ukuta wa jiko palikuwa na shina kubwa la nyasi ndefu zenye makali, nalo hatukuhitaji kuambiwa jina lake, kwani harufu ilitufikia kabla ya tochi. Ilikuwa mchaichai. Alikata majani matano, akayafunga fundo, akayaponda kidogo kwa mpini wa kisu, akayatia katika sufuria ya maji na kuyaacha yachemke mpaka maji yakageuka rangi ya dhahabu. Hakutia jani la chai hata moja. Hapo ndipo nilipogundua kosa tulilokuwa tukilifanya nyumbani kwa miaka mingi: sisi mchaichai huutia ndani ya chai ya rangi, tukadhani tumekunywa kitulizo, kumbe tumekunywa chai yenye manukato.

Niruhusuni nisimame hapa kidogo, maana jambo hili lina faida kwa kila nyumba. Jani la chai, liwe la Embu au la Kericho, lina kafeini, na kahawa inayo zaidi. Kafeini ikishaingia mwilini haitoki upesi. Kwa mtu mzima wa kawaida huchukua kama saa tano kupungua nusu yake, na kwa mja mzito huchukua muda mrefu zaidi. Basi anayekunywa kikombe cha saa tatu za usiku, ikifika saa nane nusu ya kikombe kile bado imo mwilini mwake ikimwamsha. Masufi wa Yemen walilijua hilo katika karne ya 15, ndiyo maana wakaipenda kahawa kwa ajili ya dhikiri za usiku. Na mwaka 1511 liwali wa Makka aliipiga marufuku, watu wakajadiliana halali yake na haramu yake, na kahawa ikashinda. Mimi mwenyewe sina budi kukiri mbele yenu. Kwa miaka thelathini nimekaa barazani baada ya Isha na kikombe cha kahawa chungu mkononi na kipande cha haluwa, kisha narudi nyumbani nikilalamika kuwa usingizi umenipaa. Na Mtume wetu (S.A.W.), kama alivyopokea Bukhari, alikuwa akichukia mazungumzo baada ya Isha. Hadithi hiyo nimeisomesha mara nyingi kuliko nilivyoifuata.

Ama kuhusu majani ya kulaza, nawaomba tuwe wakweli. Mchaichai una sifa kubwa kwa watu wa nchi nyingi, lakini watafiti wa Brazili, ambako hunywewa sana kwa ajili ya kutuliza, waliupima kwa watu mwaka 1986 na hawakuona kwamba unalaza wala kuondoa wasiwasi. Babunaji iliandikwa na matabibu wetu wa kale, Ibn Sina akiwa mmoja wao, na ndani yake imo chembe iitwayo apijenini inayogusa ubongo kwa upole. Majaribio yaliyofanywa ni madogo, mengine yameona nafuu kidogo, mengine hayakuona. Kwa hivyo asikuuzie mtu kopo na kukuapia kuwa utalala kama mtoto. Kinachobaki baada ya kuyasema hayo bado ni kitu: kikombe cha moto kisicho na kafeini, harufu njema, mwili kukaa kitako, na mkono kuacha kazi. Mama wa nyumba anayepata robo saa ya namna hiyo kila jioni amepata kitu ambacho wengi hawana.

Na yako mambo ya kutahadhari. Rozela hushusha presha, hivyo anayetumia vidonge vya presha amwulize daktari kwanza. Babunaji haifai kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu bila ya ushauri, na wako ambao miili yao huikataa, wakavimba na kuwashwa. Mja mzito asinywe mchanganyiko asioujua vilivyomo. Mtoto asiyetimiza mwaka asitiwe asali katika kinywaji chochote, hata tone, kwani imo hatari ya sumu inayolegeza viungo vyake. Na anayekoroma huku pumzi zikikatika, au aliyekosa usingizi majuma kwa majuma, huyo ni wa hospitali, si wa sufuria.

Kubwa zaidi, na hili nalisema kwa sauti, ni kungumanga. Chembe mbili katika kaimati au katika pilau ni kiungo, hakuna neno. Lakini ninyi mnajua na mimi najua kuwa katika mitaa yetu kungumanga hukunwa katika uji wa mtoto anayelia usiku ili alale, na watu wazima huzidisha mkono kila usingizi unapokuwa mgumu. Kungumanga nzima au mbili humtapisha mtu, humwendesha moyo mbio, humchanganya akili akaona yasiyokuwapo. Ibn Hajar al-Haytami, faqihi wa madhehebu yetu ya Shafi'i aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, aliulizwa juu yake na akaiharamisha kwa sababu hiyo ya kulevya. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika kiasi kidogo cha kutia ladha, ama kiasi cha kulewesha hakuna mwenye kukitetea. Mtoto akilala kwa kungumanga hakulala, amelewa. Nilimwambia dada yangu hayo pale pale jikoni kwa Cucu. Akanyamaza, kisha akasema kuwa yeye alikuwa akikuna robo, na siku nyingine nusu.

Usiku ule alilala. Mimi nilikuwa chumba cha pili na sikusikia kitanda kikilia. Alfajiri nilimgongea mara mbili ndipo akaitika, na hilo halikuwa limetokea kwa miaka mitatu. Alitoka na uso mwingine. Akamshika Cucu mikono miwili, akamsifu yeye na nyasi zake, na asubuhi hiyo hiyo akaomba shina la kuchukua Mombasa. Usiku wa pili akalala tena.

Nami, kwa tabia yangu ya kupekua, sikukubali kuwa ni mchaichai. Nilimweleza dada yangu: hapa kuna baridi, hapana pikipiki, hapana televisheni ya jirani, umekula mapema, chai ya usiku umeiacha, kungumanga umeiacha. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sheikh, umesahau moja. Hapa hakuna mlango ninaousubiri."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa sababu, na sisi sote tulikuwa tukiijua. Kitinda mimba wake, kijana wa miaka ishirini na minne, ametekwa na muguka. Hutoka baada ya Maghrib, hukaa na wenzake kwenye kituo cha bodaboda na pakiti za majani, njugu, peremende na soda, na hurudi saa saba, saa nane, macho yamemtoka, hawezi kulala wala kukaa. Kazi ameshaachishwa mbili. Mama yake hulala tu akisikia komeo. Nilimkumbusha habari ya bibi Fatima (R.A.), alipokwenda kwa baba yake kulalamikia mikono iliyochubuka kwa jiwe la kusagia na kumwomba mtumishi, na Mtume (S.A.W.) akaja kwao usiku wakiwa wamekwisha kulala, akamfundisha yeye na mumewe tasbihi za kusoma wakati wa kulala: thelathini na tatu, thelathini na tatu, na thelathini na nne. Dada yangu akasema, "Nazisoma. Nikifika thelathini na nne, bado hajarudi."

Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa muguka ni nini, ila wengi hawajui unatoka wapi. Unatoka Embu. Si Embu ya juu penye chai, bali ya chini, Mbeere, ambako ardhi ni kavu na joto linafanana kidogo na letu. Ni mmea ule ule wa miraa ya Meru, ila wa kichaka kifupi, na huliwa majani yenyewe badala ya gome la kijiti. Nguvu yake huitwa kathinoni, nayo hupotea upesi jani likinyauka, ndiyo maana magari yake hukimbia usiku kama yanayofukuzwa. Mwezi wa Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku kuuingiza na kuuuza, na Kilifi ikafuata. Viongozi wa Embu wakaenda kwa Rais, naye akasema marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa sheria ya nchi inautambua mmea huo kuwa zao, na mahakama nayo ikayasimamisha. Huku kwetu tulilia, na huko kwao walishangilia. Kwa hivyo Embu hutuletea majani mawili, moja kwenye mnada na moja kwenye kituo cha bodaboda, na mimi nilikuwa nimekwenda kutafuta la tatu.

Siku ya tano mkwe wetu alitaka kumsalimu mama yake mkubwa anayekaa upande wa Kiritiri. Nilidhani dada yangu atabaki na mjukuu. Alivaa buibui na kusema, "Nataka kuuona mti wenyewe."

Njia inateremka kutoka mjini, na kila maili baridi huvuliwa kama koti. Migomba na mibuni hupungua, migunga na mbuzi huzidi, na miembe husimama peke yake penye vumbi jekundu. Mbali bondeni kuna Mto Tana na mabwawa yake, Masinga, Kamburu na mengineyo, yanayotupa umeme, na maji hayo hayo ya mlima huja kumwagika baharini kwetu, Kipini. Nilimwonyesha dada yangu upande wa mto. Hakuangalia.

Mwenyeji wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye kicheko cha karibu. Shamba lake lilianza mlangoni. Mistari ya vichaka vya kimo cha kifua, vichipukizi vyekundu kwa juu, na wasichana wawili wakimalizia kuchuma kwenye vikapu. Dada yangu alisogea, akakata jani moja, akalivuruga vidoleni na kulinusa. Halina harufu ya maana. Nadhani alikuwa ametarajia kitu kibaya zaidi.

Yule mama alitueleza bila kuulizwa. Mvua za Mbeere ni za kubahatisha. Mahindi hufa mara mbili katika miaka mitatu, ndengu zina wadudu, maembe huiva ya watu wote kwa pamoja bei ikaanguka. Muguka hubaki. Kwa muguka amejenga nyumba ya mawe, amenunua tangi la maji, na amesomesha watoto wanne, wawili hadi chuo kikuu. Alituonyesha tangi. Alipojua tumetoka Mombasa uso wake ulibadilika kidogo, akauliza, kwa heshima, kama ni sisi tuliotaka kufunga soko lao.

Sikujua nijibu nini. Nilikuwa na jawabu la mimbari: Ibn Hajar yule yule aliandika risala juu ya mirungi. Habari alizoletewa kutoka Yemen zilipingana, wengine wakisema inadhuru na wengine wakisema inasaidia ibada, kwa hivyo hakuikatia uharamu moja kwa moja, lakini aliusia watu wajiepushe nayo. Nilikuwa tayari kulitoa. Dada yangu akanitangulia.

"Dada," akamwambia, "mimi sikuja kwa ugomvi. Nina mtoto wa kiume. Analala mchana na kukesha usiku kwa jani hili. Nakesha naye." Kisha akauliza, "Na wako, wanakula?"

Yule mama alitazama shamba. Wale wasichana walikuwa wameacha kuchuma. Baada ya muda akajibu, "Mmoja."

Hakusema ni yupi, nasi hatukuuliza. Walikwenda wote wawili wakakaa kwenye benchi lililokuwa chini ya mwembe, na mimi na mkwe wetu tukajitia kuangalia tangi la maji kwa muda mrefu kuliko inavyostahiki tangi. Sijui waliyosemezana. Waliporudi ilikuja chai ya maziwa, saa tisa na nusu, na dada yangu aliinywa yote. Tulipoondoka tulifungiwa mfuko wa ndengu na chupa ya asali ya Mbeere, nyeusi na nzito, kwani watu wa huko ni wafugaji nyuki wa tangu zamani. Malipo yalikataliwa.

Katika treni ya kurudi dada yangu aliniuliza hukumu yake: je, mama yule anapata dhambi? Nikamwambia kwamba mwenye kuuza kitu akijua kinamharibu mnunuzi ana hesabu yake, na mwenye kumwacha mkulima bila zao jingine ana hesabu yake pia, na kwamba mimi sikukabidhiwa mizani. Akasema hilo si jawabu. Kweli, si jawabu. Bado nalitafuta.

Sasa imepita miezi miwili na zaidi. Shina la mchaichai limeshika katika karai bovu kwenye ua wake, nalo linapenda jua letu kuliko baridi ya Cucu. Kila Maghrib hukata majani manne, huyachemsha kama dakika kumi bila jani la chai, hutia kijiko cha asali ya Mbeere, na hunywa mapema ili usiku asiamke kwenda haja. Kungumanga imerudi kwenye viungo vya pilau. Babunaji amempa jirani.

Lililo gumu zaidi alilifanya wiki ya kwanza. Alimkalisha mwanawe baada ya Swala ya Asr na kwa mara ya kwanza akalitaja jambo kwa jina lake, bila presha wala umri. Kijana hakukasirika kama tulivyohofu. Alikubali kwenda kwa mshauri, nami nikampeleka. Mara ya kwanza alikwenda, ya pili hakwenda, ya tatu akaenda mwenyewe bila kuambiwa. Bado anakula, si kila siku. Ana ufunguo wake wa mlango, na mama yake ameahidi, hajatimiza kikamilifu, kutomsubiri akiwa amekaa.

Nilimuuliza Ijumaa iliyopita analala vipi. Akahesabu vidoleni akasema siku nne katika saba. Tukamshukuru Allah kwa nne.

Ama mimi, kahawa yangu nimeihamishia baada ya Asr, na wenzangu wa barazani wananicheka.